Watoto na Mtaa katika Picha za Helen Levitt

Msemo wetu "watoto wa mitaani" umekwisha kuzoewa kwa maana moja tu: watoto wasio na makao. Kwa hiyo msomaji akifungua kitabu cha Helen Levitt, A Way of Seeing (1965), hutazamia njaa na machozi. Haoni. Watoto hawa wa New York, waliopigwa picha hasa kati ya miaka ya mwisho ya 1930 na ile ya 1940, wana milango ya kurudia jioni. Mtaa ni uwanja wao. Umaskini upo, waonekana katika kuta na mavazi, lakini haukupewa kiti cha mbele.

Picha tunayoirudia mara nyingi ni ile ya kioo kilichovunjika, ya mnamo 1940. Wavulana wawili wamesimamisha fremu kubwa iliyobaki tupu. Katikati yake, kana kwamba kioo kingalipo, yuko mtoto mdogo juu ya baiskeli. Wengine wameinama ukingoni mwa barabara wakishughulika na vipande. Ajali imegeuka mchezo, nao wameushika kwa uzito ule ule wazee wanaouweka katika mashauri ya barazani.

Yapo ya kuhojiwa. Levitt alifunga juu ya kamera yake ndogo kifaa kilichomwezesha kuelekea upande mmoja huku akipiga picha ya upande mwingine. Wengi hawakujua. Je, ni halali kuitwaa sura ya mtoto hivyo? Tusijibu upesi. Picha nyingi katika taarifa za misaada, za makanisa zikiwamo, hupigwa kwa ridhaa ya mtu mzima fulani. Mtoto husimamishwa na kuelekezwa pa kutazama. Ridhaa imepatikana, lakini mtoto amefanywa ombaomba, naye amenyang'anywa kile ambacho Levitt alimwachia, yaani shughuli yake mwenyewe. Kwa maoni yetu kosa hili ni kubwa kuliko lile, ingawa lile halifutiki.

Zekaria (8:4-5), alipouona Yerusalemu uliorejeshwa, hakutaja hapo jeshi wala hazina, bali wazee wenye mikongojo na watoto wachezao njiani. Anayeandaa mahubiri juu ya aya hizo na azitazame picha hizi, hasa ile ya watoto watatu wenye vinyago kwenye ngazi za mlangoni. Maelezo hatayapata: chini ya picha zake nyingi Levitt aliandika jina la mji na mwaka tu.