Gia ya Kushukia Kitonga

Ilikuwa nyundo ndogo, mpini wake uking'aa kwa kushikwa miaka mingi. Alfajiri ile, kwenye yadi ya kampuni moja ya usafirishaji nje kidogo ya Dar es Salaam, mzee niliyepangiwa kusafiri naye alilizunguka lori akigonga matairi, moja baada ya jingine. Alianza la mbele kushoto, akaambaa na ubavu wa tela, akazunguka nyuma, akarudi upande wa dereva. Tairi lenye upepo wa kutosha huirudisha nyundo mkononi na kutoa mlio mkavu. Lililopungua huimeza, na mlio hufia palepale. Ya ndani, yaliyofichwa na wenzao, aliyainamia mpaka kofia ikagusa bodi.

"Hili hapa," akasema, akaligonga tena. "Umesikia, dogo?"

Sikusikia kitu. Akaniachia nyundo nirudie mzunguko wote. Masikio yangu yaliushika mlio ule wiki ya tatu.

Nilikuwa na leseni ya daraja E na cheti cha chuo. Chuo nakiheshimu mpaka leo. Nilifundishwa sheria na alama, nikaelezwa kwamba upepo ukiisha kwenye mitungi, springi ndizo zinazobana breki za maegesho, nikarudisha lori nyuma katikati ya koni. Lakini lori tupu halimwonyeshi mtu tabia yake. Tabia hutoka siku limebeba, barabara imeinama, na mvua imenyesha. Kampuni ile ililijua hilo, ndiyo maana haikunikabidhi funguo mara moja. Miezi ya mwanzo nilikaa kiti cha kushoto. Wenzangu wa chuo waliopewa magari mapema waliniona nimecheleweshwa. Mimi naona nilipendelewa.

Njia yetu ilikuwa Dar es Salaam hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900, na mara nyingine kuvuka hadi Zambia. Abiria wa basi huikumbuka njia hii kwa twiga wa Mikumi na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Dereva wa lori huikumbuka kwa mizani: Vigwaza, Mikese, na nyingine zinazomsubiri mbele. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima, mzigo na chuma pamoja. Kijana anayeanza hukariri namba hiyo akadhani amemaliza. Lakini mizani hupima pia kila kundi la ekseli, na gari linaweza kuwa halali kwa jumla likakamatwa kwa sababu mzigo umelalia mbele mno au nyuma mno ya tela. Kwa hiyo mzee hakuwa analala wakati wa kupakia. Alisimama chini ya jua na wapagazi, akionyesha kwa kidole, hizi sogezeni mbele, hizi acheni nafasi. Baadaye nilielewa kwamba pale alikuwa ameshaanza kuendesha. Mzigo uliopangwa vibaya huvuta tela kwenye kona, na usukani hauwezi kurekebisha kosa lililofanyika ghalani.

Kuunganisha kichwa na tela nako kulikuwa na utaratibu usiorukwa hata siku moja. Akisharudi nyuma na kusikia mlio wa chuma kujifunga, hakuuamini. Aliibana breki ya tela, akatia gia nzito, akavuta mbele taratibu kuona kama kichwa kitachomoka. Kisha akashuka na tochi, akachungulia kufuli kwa macho yake, ndipo akakunja miguu ya tela. Nilimwona akifanya hivyo usiku, mvua ikimpiga mgongoni, na foleni ya magari ikisubiri nyuma yetu. Hakuna aliyemsimamia.

Ila kilichonifanya niipende kazi hii ni Kitonga.

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Kitonga ni mlima wa kupanda, na kupanda ni uvumilivu tu. Kazi iko kwenye kurudi. Safari moja tulirudi kutoka Zambia na shaba. Mafungu ya bamba za shaba yakiwa juu ya tela huonekana machache, mtu akadhani gari limerudi nusu tupu, kumbe uzito umetimia. Tulipopita Ilula, pale wanapouza nyanya kando ya barabara, mzee aliegesha. Akapita kwenye kila ringi na mgongo wa kiganja kuhisi joto. Akakanyaga breki gari likiwa limesimama, akatega sikio kama kuna upepo unaovuja. Akasubiri mishale ya geji ipande mpaka juu. Tukaondoka, na kabla barabara haijaanza kuinama, akachagua gia.

Hiyo "kabla" ndiyo ufundi wenyewe. Breki hulipunguza lori mwendo kwa kuugeuza mwendo kuwa joto. Ukizikanyaga mfululizo kwenye mteremko mrefu, dramu hupata moto na kutanuka, lainingi hupoteza mshiko, na ule mguu uliokuwa unasimamisha gari unakuwa unakanyaga hewa. Kwa hiyo injini ndiyo inayopaswa kulizuia gari, na injini hulizuia ikiwa kwenye gia nzito tu. Ukishaingia mteremkoni na gia nyepesi, umechelewa. Ukiichomoa utafute nyingine, huenda isiingie, na kuanzia hapo gari lina uzito wake wote bila kitu cha kulishika. Anayeweka nyutro ili aokoe dizeli anafanya hayo kwa hiari yake mwenyewe.

Mzee alishuka kama kilomita 20 kwa saa. Injini ililia kwa sauti moja, nzito, isiyopanda wala kushuka, na nilitambua kwamba alikuwa akiisikiliza kama alivyosikiliza matairi kule yadini. Sauti ilipoanza kupanda, alikanyaga breki kwa uthabiti, mwendo ukapungua, akaachia kabisa. Hakuulaza mguu juu ya pedali. Akaziacha zipoe, akasubiri, akakanyaga tena. Ukuta wa mwamba ulikuwa upande mmoja, korongo upande wa pili, na kwenye kona moja kulikuwa na matawi mabichi yaliyopangwa barabarani, salamu ya madereva kwamba mbele kuna mwenzao amekwama. Aliyaona mapema kuliko mimi. Nyuma yetu basi lilipiga honi ndefu, likarudia. Mabega ya mzee hayakusogea.

Chini, kwenye tambarare, aliegesha tena na kuniita. "Weka kiganja hapa, usiguse, kisogeze tu." Joto lililotoka kwenye ringi lilikuwa la kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani. Tani zile zote zilikuwa zimeshuka Kitonga, na breki zilikuwa karibu hazijafanya kazi.

Miezi kadhaa baadaye alinipa usukani palepale juu. Nilikagua kila kitu, nikasubiri upepo, nikatia gia niliyoamini ni sahihi. "Simama," akasema, bado hatujafika kwenye mteremko. "Hiyo ungeshukia ukiwa mtupu. Leo umebeba nini?" Nikateremsha gia moja zaidi. Hakusema neno lingine mpaka Mahenge, chini ya mlima. Tulipofika chini alinyoosha mkono kwenye ringi, akafungua chupa yake ya maji, akaninywesha mimi kwanza.

Nasema haya kwa sababu kuna wamiliki wanaompa kijana funguo siku ileile aliyoleta leseni, na kumpangia malipo kwa idadi ya safari ili akimbie. Hilo ni kosa, na si kosa la kijana. Ustadi ule wa mzee haukuandikwa popote. Ulikuwa kwenye mgongo wa kiganja na kwenye masikio, na haupatikani ila kwa kukaa kiti cha kushoto karibu na anayeujua, safari baada ya safari.

Nawe msomaji unayepita Kitonga na gari dogo au basi, ukilikuta lori lenye mzigo linashuka kwa kutambaa, usilipigie honi. Dereva wake hajasinzia, yuko katikati ya kazi yake ngumu kuliko zote. Tazama taa zake za nyuma. Akiwasha indiketa ya kulia, kaa nyuma, kuna kitu anakiona ambacho wewe hukioni. Barabara ikifunguka atawasha ya kushoto. Hakikisha kwa macho yako, kisha pita.