Mapenzi Yaliyokosa Mahali: Uhakiki wa Riwaya ya "Across the Barricades"

Wapo wenzetu wanaoamini kwamba hadithi ya mapenzi ya vijana haistahili kujadiliwa katika kurasa za itikadi. Husema kwamba mapenzi ni starehe ya mtu binafsi, na siasa ni mambo ya umma. Sisi hatukubaliani nao. Pale ambapo jamii imegawanywa, msichana na mvulana wanaotembea pamoja barabarani wamekwisha kuingia katika siasa, wapende wasipende.

Riwaya tunayoichambua ilitolewa mwaka 1972. Mwandishi wake, Joan Lingard, aliyefariki mwaka 2022, alizaliwa Scotland akakulia Belfast, mji mkuu wa Ayalandi ya Kaskazini. Ni kitabu cha pili kati ya vitano juu ya vijana wale wale wawili. Sadie Jackson ni Mprotestanti. Kevin McCoy ni Mkatoliki. Walijuana walipokuwa wadogo, katika ugomvi wa watoto wa mitaa yao ulioishia kwa kurushiana mawe. Wanapokutana tena wamekwisha kuwa vijana, na mji umejaa askari wa Kiingereza, vizuizi vya barabarani na mabomu.

Kwanza, tunampongeza mwandishi kwa kuwa hakuwafanya watu wa upande mmoja malaika na wa upande wa pili mashetani. Nyumba za akina Jackson na akina McCoy ni za watu wa tabaka moja, watu wanaoishi kwa jasho lao. Kevin, mfanyakazi wa vyuma chakavu, anapigwa na vijana wa upande wake mwenyewe. Wala ugomvi wenyewe si juu ya sala au mafundisho ya kanisa. Dini imekuwa alama tu ya kumtambulisha mtu: anakaa mtaa gani, amesoma shule ipi, atapewa kazi wapi.

Pili, mwandishi ameliona jambo ambalo hadithi nyingi za mapenzi hulisahau. Mapenzi yanahitaji mahali. Sadie na Kevin hawawezi kukaa kwao wala mtaani bila kuonekana. Anayewapa mahali ni Bwana Blake, aliyekuwa mwalimu wa Sadie, ambaye anawafungulia nyumba yake. Nyumba hiyo inatupiwa bomu la petroli, na mzee yule anakufa. Hapo ndipo penye kiini cha riwaya. Waliotupa bomu walikuwa wanaiadhibu nyumba iliyothubutu kuwapokea watu wa pande zote mbili.

Lakini baada ya kutufikisha hapo, mwandishi anatuacha. Vijana wanapanda meli kwenda Uingereza, na kitabu kinakwisha. Hatuwalaumu Sadie na Kevin. Anayekimbia moto hana kosa. Tunachokilaumu ni mtazamo unaofanya kuondoka kuwe ndiyo njia pekee. Ndani ya riwaya hii chuki ya Belfast inakuwa kama hali ya hewa: haina aliyeileta wala anayefaidika nayo. Ukweli wa historia ni mwingine. Mwaka 1920 wafanyakazi Wakatoliki, pamoja na Waprotestanti waliohesabiwa kuwa wasoshalisti, walifukuzwa kwa nguvu katika viwanda vya kuunda meli vya mji huo. Mwezi Oktoba 1932 Wakatoliki na Waprotestanti wasio na kazi waliandamana bega kwa bega kudai posho ya kutosha. Na mwaka 1968 watu waliingia barabarani kudai haki katika ugawaji wa nyumba na katika kura za serikali za mitaa. Kumbe utengano ulikuwa na mizizi katika kazi na nyumba, na watu wa kawaida waliwahi kuuvuka pamoja. Kijana anayesoma riwaya hii hapati habari hizo. Anafunzwa ujasiri wa watu wawili tu.

Je, kitabu hiki kimepitwa na wakati? Mkataba wa amani ulitiwa sahihi mwezi Aprili 1998, baada ya miaka thelathini hivi ya mapigano yaliyoua watu zaidi ya 3,500. Amani hiyo ni ya kweli na haifai kubezwa. Lakini kuta za kutenganisha mitaa, zilizoanza kujengwa mwaka 1969, bado zipo, na baadhi ya milango yake hufungwa usiku. Mwaka 2013 serikali ya huko iliahidi kuziondoa zote ifikapo 2023. Mwaka huo ulifika ukapita, na kuta zimebaki. Mwaka 1981 wazazi walianzisha Lagan College, shule ya kwanza iliyokusudiwa watoto wa pande zote mbili, ikiwa na wanafunzi 28. Zimefuata nyingine, lakini hata leo sehemu kubwa ya watoto husoma shule za upande mmoja.

Kwa hiyo kijana wa leo wa Belfast anayempenda mtu wa ng'ambo ya ukuta si lazima apande meli. Hata hivyo, swali la Bwana Blake linabaki: watajuana wapi, ikiwa mtaa ni mbali mbali na shule ni mbali mbali? Nyumba ya mtu mmoja mwema haitoshi. Inaweza kuchomwa kwa usiku mmoja. Wale wazazi waliounda shule walilijibu swali hilo kwa vitendo kuliko mwandishi alivyolijibu kwa kalamu, kwa sababu walibaki mjini na kujenga mahali pa wengi.

Tunashauri riwaya hii isomwe na vijana, na wanaoifundisha wawaulize swali moja: baada ya meli kuondoka, ni nani aliyebaki kuijenga upya nyumba ya Bwana Blake?