Mgeni, Zimwi au Mvamizi? Uhakiki wa Mchezo wa Space Invaders na Tafsiri ya Jina Lake

Istilahi za sheria, za tiba na za kilimo hupimwa kwa makini kabla ya kukubaliwa. Maneno ya michezo, kinyume chake, huachwa yajitafutie njia yenyewe, kwa kuwa wengi wetu huihesabu michezo kuwa jambo la kupitishia wakati tu. Matokeo yake ni kwamba kijana hulisikia neno kwanza katika mchezo, hulizoea, na siku anapokutana nalo katika fomu ya serikali au kitabu cha shule huwa amekwisha kulipa maana. Makala haya yanakusudia kuuhakiki mchezo mmoja wa kompyuta, Space Invaders, na kwa njia ya uhakiki huo kulijibu swali moja la tafsiri: je, adui wa mchezo huo aitweje kwa Kiswahili?

Mchezo huu ulibuniwa na Mjapani Tomohiro Nishikado, ambaye alishughulikia mitambo yake na programu yake pia, na kampuni ya Taito ikautoa nchini Japani mwaka 1978. Mwanzoni ulichezwa katika mashine kubwa za kutiwa sarafu. Mwaka 1980 ukaingia majumbani kwa mashine ndogo ya Atari. Siku hizi unaweza kuchezwa katika kompyuta ya kawaida, na ndivyo mwandishi wa makala haya alivyoucheza kabla ya kushika kalamu.

Kanuni zake ni chache. Chini ya skrini upo mzinga mmoja unaokwenda kushoto na kulia tu. Mbele yake zipo kuta nne za kujikinga. Juu wamepangwa maadui 55, katika safu 5 zenye maadui 11 kila moja. Kikosi chote huenda upande mmoja hatua kwa hatua. Kikifika ukingoni hushuka kidogo, kikageuka na kurudi upande wa pili. Mchezaji hawezi kuwa na risasi zaidi ya moja hewani: akikosa shabaha, hana budi kungoja ipotee ndipo afyatue nyingine. Kuta huliwa na risasi za adui, na huliwa vilevile na risasi za mchezaji mwenyewe. Adui wa safu ya juu ana alama 30, wa safu mbili za kati alama 20, na wa safu mbili za chini alama 10. Maadui wakifika chini, mchezo umekwisha, hata kama mchezaji alikuwa na mizinga ya akiba.

Jambo lililoupa mchezo huu uhai halikutokana na mpango wa awali. Prosesa iliyotumiwa, Intel 8080, haikuwa na nguvu ya kuwachora upesi maadui wote 55. Kwa hiyo, kila mmoja alipoondolewa, kazi ya kuchora ilipungua, na waliobaki wakaenda kwa kasi zaidi. Nishikado aliiona hali hiyo, wala hakuisahihisha, maana ilizidisha ugumu na hamu. Sauti nne nzito zinazorudiwarudiwa nazo huharakishwa, mithili ya mapigo ya moyo wa mtu mwenye hofu. Hivyo adui wa mwisho, ambaye angedhaniwa kuwa dhaifu kwa kuwa yu peke yake, ndiye mgumu kuliko wote. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Kwa upande wa fani, basi, mchezo huu unastahili sifa. Hauna kitu kisicho na kazi. Ukuta unaomlinda mchezaji ndio unaomzuia kupiga. Haraka ya kufyatua ndiyo inayomchelewesha. Kwa upande wa maudhui, jambo la kwanza la kutambua ni kwamba hauna ushindi. Kikosi kimoja kikimalizwa, kingine hutokea, tena kikianzia karibu zaidi na ardhi. Mchezaji hapigani ili ashinde, bali ili achelewe kushindwa. Jambo la pili ni kwamba adui hana usemi. Hatuambiwi ametoka wapi, anataka nini, wala kwa nini haogopi. Twamjua kwa tendo lake moja tu: anashuka. Sifa hiyo ndiyo itakayotuongoza katika kuchagua jina.

Neno la kwanza la kupimwa ni *zimwi*. Lina haki ya kusikilizwa, kwa sababu inaelezwa kwamba jina alilokusudia Nishikado hapo awali lilikuwa na maana ya mazimwi ya angani, na wakubwa wake wakalibadili. Lakini zimwi la ngano zetu ni kiumbe mwenye tabia. Huimba, hudanganya, hudanganyika, na mara nyingi lina ujamaa fulani na yule linayemwinda. Methali yasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Adui wa mchezo huu hamjui mtu, na humla akamaliza. Kumwita zimwi ni kumpa utu ambao mchezo umemnyima.

Neno la pili ni *mgeni*, na hapa ndipo penye hatari. Kiingereza kina neno moja linalotumika kwa kiumbe wa dunia nyingine, na ambalo katika sheria za Marekani hutumika pia kwa mtu asiye raia. Mtafsiri mwenye haraka atafungua kamusi, atakuta maana ni mgeni, kisha ataandika kwenye mchezo: "Waangamize wageni!" Sarufi ya amri hiyo haina kosa. Kosa limo katika desturi ya lugha. Mgeni kwa Kiswahili ni mtu anayefahamika kwa uhusiano wake na mwenyeji. Twasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata methali inayomchoka, isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, haimfukuzi wala haimpigi. Yamtia katika kazi ya nyumba.

Historia ya pwani yetu imekwisha kutenganisha maneno haya mawili. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alipokewa kama mgeni. Mwaka 1505 majeshi ya Francisco de Almeida yaliiteka Kilwa na kuiteketeza Mombasa. Watu walikuwa wa taifa lile lile, wamekuja kwa bahari ile ile. Kilichobadilika ni tendo, na kwa tendo hilo walistahili jina jingine.

Ipo sababu nyingine, nayo inatokana na mchezo wenyewe. Nishikado amepata kueleza kwamba alipokuwa akitafuta shabaha ya kuchora alijaribu vifaru, ndege na askari, na kwamba aliona si vyema kuwafanya wanadamu kuwa shabaha ya risasi. Ndiyo maana alichora viumbe wenye maumbo ya pweza, kaa na ngisi. Basi mtafsiri anayeandika *mgeni* anamrudisha mwanadamu kwa mlango wa nyuma. Neno lile lile litakaloandikwa katika fomu ya ofisi ya uhamiaji, juu ya mtu aliyekuja kuomba kibali cha kukaa, ndilo atakalokuwa amelisoma kijana juu ya kitu kinachompatia alama 30 kwa kukipiga.

Yumkini msomaji atajibu kwamba neno hupata maana katika mazingira yake, na kwamba hakuna atakayemchanganya msafiri na pweza wa skrini. Jibu hilo lina kweli ndani yake. Lakini kazi ya usanifu wa istilahi si kutegemea busara ya kila msomaji. Ni kumpa neno lisilomtegea. Pale ambapo lugha ina maneno mawili kwa dhana mbili, hakuna sababu ya kuziba pengo lisilokuwepo kwa kuiga lugha nyingine yenye neno moja.

Neno la tatu ni *mvamizi*. Limetokana na kitenzi *vamia*, yaani kurukia au kuingilia kwa nia ya kudhuru. Halisemi mtu ametoka wapi. Lasema amefanya nini. Pingamizi moja laweza kutolewa: kuvamia huleta fikra ya ghafla, na adui huyu huja polepole, kwa mpango. Hata hivyo, mwendo wake wa mwisho ni wa ghafla kabisa, na aliyecheza atakubali kwamba huonekana kuwa mbali hadi dakika anapokuwa juu ya kichwa. Neno hili latosha.

Faida yake yazidi kuonekana tukiitazama asili ya fikra hii. Nishikado aliathiriwa na kisa cha *The War of the Worlds*, riwaya ya Mwingereza H. G. Wells iliyochapishwa kitabu mwaka 1898, ambamo viumbe wa sayari ya Mars wanaivamia Uingereza. Wells hakuandika kwa ajili ya kutisha tu. Mwanzoni mwa riwaya yake aliwakumbusha wasomaji jinsi Wazungu walivyowatenda wenyeji wa Tasmania, na akauliza kama wao wana haki ya kulalamika wakitendwa vivyo hivyo. Aliwahesabu wenyeji hao kuwa wametoweka, ingawa wazao wao wapo hadi leo. Lakini hoja yake ilikuwa nzito: mvamizi hatambuliwi kwa umbo wala kwa nchi yake, bali kwa anayoyatenda, na hata msomaji mwenyewe anaweza kuwa yeye. Hapa ndipo penye upungufu wa mchezo wetu. Ulirithi pweza wa Wells, ukaiacha hoja yake. Mchezaji hapewi nafasi hata moja ya kujiuliza yeye ni nani. Mtafsiri hawezi kuujaza upungufu huo, lakini hana ruhusa ya kuuzidisha.

Limebaki neno *anga*. Tukisema "Wavamizi wa Anga", kihusishi *wa* chaleta utata: ni wavamizi watokao angani, au ni wale wanaoivamia anga? Jina la Kiingereza lina utata huo huo, lakini hatulazimiki kuuchukua, kwa kuwa Kiswahili kinayo njia ya kuuepuka. "Wavamizi kutoka Angani" ni refu kidogo, lakini halina maana mbili. Ikumbukwe pia kwamba *mwanaanga* limekwisha kuzoeleka kwa mwanadamu anayesafiri angani, hivyo haifai kumpa adui.

Kwa muhtasari, yanapendekezwa yafuatayo. Kwanza, jina la mchezo huu litafsiriwe "Wavamizi kutoka Angani". Pili, kiumbe wa dunia nyingine ambaye nia yake haijajulikana aitwe *kiumbe wa angani*. Akija kwa vita aitwe *mvamizi*. Na akija kwa amani, kama ilivyo katika baadhi ya hadithi za kubuni za kisayansi, hapo tu aitwe *mgeni*, naye atakuwa amelistahili. Tatu, katika sheria na fomu za serikali, *mgeni* na *raia wa kigeni* yaendelee kutumika kwa wanadamu, bila kuchafuliwa na matumizi ya michezo.

Mapendekezo haya yanawekwa mbele ya walimu, watafsiri na watumishi wa serikali ili yajadiliwe. Walio na watoto wanaocheza michezo ya namna hii wanaombwa kusikiliza ni neno gani watoto hao hutumia wakati wa kucheza. Huenda wamekwisha kupata jina zuri kuliko haya, na kama ni hivyo ni wajibu wetu kulipokea.