Takriri Kama Maudhui: Utangulizi wa Roki ya Dansi

Msikilizaji aliyelelewa katika uhakiki wa ushairi huwa na mazoea ya kutafuta maana ya wimbo katika maneno yake. Mazoea hayo humpotosha anapokutana kwa mara ya kwanza na roki ya dansi, utanzu uliochipuka Marekani na Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, pale bendi za magitaa zilipoazima mdundo wa disko. Akiyasoma maneno peke yake, atayaona makavu na yenye kujirudiarudia. Makala haya yanadai kuwa takriri hiyo si pambo la fani tu, bali ndiyo inayobeba maudhui.

Ili dai hilo lieleweke, hapana budi kuzingatia mazingira yaliyozaa utanzu wenyewe. Disko ilikuzwa na wachezaji Weusi, Walatino na wapenzi wa jinsia moja katika kumbi za usiku za miji kama New York. Mashabiki wengi wa roki waliidharau. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park mjini Chicago, santuri za disko zililipuliwa mbele ya umati uliokuwa ukishangilia. Watu wakavamia uwanja, na mchezo wa pili wa siku hiyo haukuchezwa. Kwa hiyo, bendi ya roki iliyopiga disko ilikuwa ikivuka mpaka wa kijamii, si wa mtindo pekee.

Blondie iliuvuka mapema. "Heart of Glass", wimbo uliomo katika santuri ya Parallel Lines (1978), uliongoza chati za Uingereza na Marekani mwaka 1979. Debbie Harry anasimulia penzi lililovunjika bila kulia, kwani mdundo haumpi nafasi ya kuomboleza. Hata hivyo, bendi ilikuwa na wimbo huo tangu 1975 katika sura nyingine. Disko hapa ni vazi, japo limemkaa mvaaji.

Talking Heads walikwenda mbali zaidi katika Remain in Light (1980). Wakiwa na mtayarishaji Brian Eno, na wakiwa wameathiriwa waziwazi na Fela Kuti wa Nijeria, walianza na mapigo. Kipande kifupi cha besi au gitaa kilirudiwa, kingine kikapachikwa juu yake, na maneno yakatungwa baadaye. Mwimbaji David Byrne anasikika kama mtu anayejaribu kujipatia nafasi ndani ya ngoma iliyoanza kabla yake. Wasiwasi wa mtu wa mjini, ambao ndio dhamira kuu, unatokana na muundo huo.

Kilele ni "Blue Monday" (1983) ya New Order, bendi iliyoundwa na waliobaki wa Joy Division baada ya kifo cha mwimbaji wao, Ian Curtis, mwezi Mei 1980. Wimbo unachukua takriban dakika 7 na nusu, na zaidi ya dakika 2 hupita kabla ya sauti ya binadamu kusikika. Mashine ya ngoma hugonga bila huruma; Bernard Sumner huimba bila kuipandisha sauti. Uchungu hauelezwi. Unasikika katika pengo lililopo kati ya sauti hiyo baridi na miguu inayolazimika kucheza.

Utanzu huu hauna budi kulaumiwa kwa jambo moja: mara nyingi mkopaji amesifiwa kuliko aliyemkopesha. Lakini deni hilo lisimzuie msikilizaji mgeni. Wanafunzi wa fasihi simulizi wamefunzwa kwamba wimbo uliong'olewa katika uwanja wa ngoma na kubandikwa ukurasani hupoteza nusu ya uhai wake. Kanuni iyo hiyo itumike hapa: besi na ngoma zisikilizwe kwanza, ikiwezekana kwa kusimama, na maneno yafuate.