Jinsi Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki Ilivyofika Kalewa

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliundwa Februari 1943, ikapelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kujifunza vita vya msituni kabla ya kuwakabili Wajapani nchini Burma. Ilikuwa na brigedi tatu za askari wa miguu, ya 21, ya 25 na ya 26, na iliongozwa vitani na Meja Jenerali Charles Fowkes. Wengi wa askari wake walikuwa wa King's African Rifles (KAR), kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Batalioni moja ilitoka Rhodesia ya Kaskazini. Maofisa walikuwa Wazungu, na lugha iliyowaunganisha askari wa makabila mengi ilikuwa Kiswahili.

Pigo kubwa la kwanza liliipata divisheni hii baharini. Tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail, iliyokuwa safarini kutoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa torpedo na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa dakika chache. Waliokufa walikaribia 1,300, wakiwemo wauguzi na wengi wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki.

Agosti 1944, baada ya Wajapani kushindwa Imphal, nchini India, divisheni ilipewa kazi ya kuwafuata kupitia bonde la Kabaw. Kutoka Tamu hadi Kalemyo, miji ya bonde hilo, ni kama kilomita 130, na wakati huo mvua za kusi zilikuwa zimepamba moto. Majeshi yalizoea kusimamisha vita msimu huo. Jenerali William Slim, kamanda wa Jeshi la 14, aliamua kutowapa Wajapani nafasi ya kupumua, na uamuzi huo ulitimizwa kwa miguu ya askari wa Afrika Mashariki. Njia iligeuka tope lililomeza malori. Sehemu nyingine ilitandikwa magogo ili magari yapite, kazi iliyofanywa upya kila mvua iliposhuka.

Hapo ndipo ufundi wa safari hii unapoonekana. Vikosi vya mbele havikungoja barabara: chakula na risasi viliangushwa na ndege, vingine kwa miavuli, na mawingu yalipofunika bonde askari walilazimika kuvumilia mgao mdogo. Malaria na homa ya utitiri viliwaangusha watu wengi, hivyo kumeza vidonge vya mepakrini kila siku kulikuwa amri kama amri nyingine. Wajapani walijichimbia vilimani wakilinda kila mlango wa njia. Mbinu ya divisheni ilikuwa kuwashika mbele kwa kikosi kimoja huku kingine kikizunguka msituni na kutokea nyuma yao. Ilikuwa mbinu ya polepole, lakini ilifaa.

Tarehe 13 Novemba divisheni ilikutana na Divisheni ya 5 ya India karibu na Kalemyo. Njia iliyobaki ilikuwa korongo jembamba la mto Myittha, na Kalewa, kwenye mto Chindwin, ikatekwa tarehe 2 Desemba. Siku chache baadaye askari walikuwa wamevuka mto na kushika ng'ambo, karibu na Shwegyin. Wahandisi wa jeshi wakajenga Kalewa daraja la Bailey, la vipande vya chuma vya kuunganishwa, lenye urefu wa zaidi ya futi 1,100, refu kuliko lolote la aina yake wakati huo. Vikosi vya Jeshi la 14 vilipita juu yake kuelekea uwanda wa kati wa Burma. Ushindi wa mwaka 1945 katika uwanda huo husimuliwa sana. Njia iliyoufungua haitajwi inavyostahili.

Mapema mwaka 1945 divisheni ilirudishwa India kupumzika, na vita viliisha Agosti kabla haijapigana tena. Majina ya askari waliopotea na Khedive Ismail yameandikwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki, katika makaburi ya vita ya Nairobi, kando ya Ngong Road, barabara ipitayo kati ya Kibera na Kawangware.