Mahaba, Maziwa na Mirathi: Riwaya Tatu za Jokha Alharthi

Katika Sayyidat al-Qamar (2010), Azzan, mume wa mtu na baba wa mabinti watatu, hutoka usiku katika kijiji cha al-Awafi na kwenda mchangani kukutana na Najiya, Mbedui ambaye watu humwita Qamar, yaani Mwezi. Najiya ndiye aliyemtaka, na hakulificha hilo. Kijiji ni cha kubuni, lakini msomaji wa Ibra hana haja ya kuuliza mchanga huo uko wapi, kwa kuwa unaanzia mwendo mfupi wa gari kutoka mjini kwake. Kurasa hizo zina joto, na aliyezipenda ataifungua Harir al-Ghazala (2021) akitafuta joto lile lile. Hatalipata pale anapolitafuta.

Riwaya hizi mbili, pamoja na Narinjah (2016) iliyo kati yao, hazikutangazwa kuwa utatu, wala hazimalizi orodha ya riwaya za Alharthi, kwani Manamat ilitangulia mwaka 2004. Hata hivyo zote tatu zimefasiriwa kwa Kiingereza na Marilyn Booth, aliyegawana na mwandishi tuzo ya kimataifa ya Booker mwaka 2019 kwa ile ya kwanza, na walioko nje ya Omani huzisoma kwa mfululizo. Usomaji huo una haki yake. Ya tatu inafichua jambo ambalo mbili za mwanzo zilikuwa zikilizunguka.

Kwa juu juu, Harir al-Ghazala ni hadithi ya mapenzi. Ghazala, msichana aliyehamia Maskati na wazazi wake, anatoroka na mpiga fidla kabla hajamaliza shule, anazaa naye pacha, kisha mwanamume anaondoka zake. Hapa ndipo mwandishi mwingine angekaa kitako. Alharthi anapita mbio. Mpiga fidla habaki akilini kama Azzan alivyobaki, na huo ni upungufu wa kweli. Ni vigumu kuamini kwamba mtu mwepesi namna hiyo angeweza kumng'oa binti kwao.

Uzito umewekwa kwingine. Ghazala alinyonyeshwa na Saada, mama wa Asiya, na wasichana hao wawili walikua kama ndugu hadi msiba ulipomwondoa Asiya kijijini. Hamu inayoisukuma riwaya yote ni hamu ya ndugu huyo wa kunyonya. Harir, rafiki wa Ghazala wa chuo kikuu, anaandika shajara kwa miaka mingi bila kujua kwamba Asiya aliwahi kupita katika maisha yake mwenyewe. Sadfa hiyo inachosha kidogo, ila inamfanya msomaji aone kile ambacho mwandishi wa shajara hakioni.

Sheria ya Kiislamu inalo la kusema juu ya maziwa. Kunyonya huharimisha ndoa kama damu inavyoharimisha, lakini hakurithishi. Undugu upo, fungu la mali halipo. Ukiisoma ya tatu kwa kanuni hiyo, mbili za mwanzo zinabadilika. Katika ya kwanza, Abdallah aliyefiwa na mama analelewa na Zarifa, mtumwa na suria wa baba yake, ambaye riwaya inasema alizaliwa tarehe 25 Septemba 1926, siku ileile mkataba wa kupinga utumwa ulipotiwa saini Geneva. Katika ya pili, Bint Amir anamlea baba yake Zuhour, mtoto asiyekuwa wake, na anazeeka katika nyumba isiyokuwa yake. Wanawake hawa walitoa miili yao, wakapendwa kwa dhati, wasirithi kitu.

Haya si ya bahati. Alharthi alisomea udaktari wake Edinburgh, na mwaka huohuo wa 2021 ulitoka utafiti wake juu ya mwili katika ushairi wa mapenzi wa Udhri, ushairi uliosifiwa kwa usafi wake hata ikadhaniwa hauna mwili ndani yake. Yeye aliuona umo. Katika riwaya ya tatu anauona hata pale ambapo hadithi za mahaba hazitazami, kwenye kifua cha mama anayenyonyesha mtoto wa mwenzake.

Kiswahili nacho kinaongeza jambo lisilosikika katika Kiarabu cha asili. Kitenzi kinachozaa ndugu wa kunyonya ndicho kinachozaa unyonyaji, neno lililoenea kwa nguvu baada ya Azimio la Arusha la 1967. Huko Ibra, Sur na Nizwa zimo nyumba ambamo Kiswahili bado kinasemwa na watu walioondoka Unguja baada ya 1964, wakiwa wameitwa wanyonyaji. Baadhi yao wanawakumbuka kwa mapenzi wanawake waliowalea katika nyumba za Unguja, na hawaoni kwamba kumbukumbu hiyo na ile tuhuma vinaweza kukutana katika mtu mmoja. Zarifa ndiye mtu huyo. Abdallah anampenda kuliko baba yake. Sanjar, mwana wa Zarifa mwenyewe, hataki kusikia habari za mapenzi hayo, na anakwenda zake Kuwait.

Mfasiri atakayemleta Saada katika Kiswahili hatakuwa na kitenzi kingine cha kutumia. Itambidi aandike kwamba Ghazala alimnyonya, na amwachie msomaji aamue amesikia nini.