Cheti Hakisemi Mbwa ni Mzima

Ukisema unatafuta mtoto wa mbwa wa mbegu, ushauri wa kwanza utakaopewa ni huu: hakikisha ana cheti. Sawa. Ila kabla hujatoa pesa yako, tenga saa moja utazame Pedigree Dogs Exposed, filamu ya Jemima Harrison iliyorushwa na BBC One Agosti 2008. Mpaka leo namshauri kila mnunuzi aitazame, ingawa nina ugomvi nayo.

Nguvu yake ni kukuonyesha mambo badala ya kukuhubiria. Unamwona mbwa aina ya Cavalier King Charles Spaniel akiteseka kwa maumivu, kwa sababu fuvu lake ni dogo kuliko ubongo uliomo, na maji yanajikusanya ndani ya uti wa mgongo. Kisha unapelekwa kwenye maonyesho: mbwa wamechanwa manyoya, vikombe vinatolewa. Inatajwa pia hesabu ya watafiti wa Imperial College: Pug wapatao 10,000 wa Uingereza walikuwa na utofauti wa jeni unaolingana na wa mbwa 50 tu. Filamu ilitikisa kweli. BBC haikurusha maonyesho ya Crufts mwaka 2009, na mwaka huohuo Kennel Club ya Uingereza ikaacha kusajili watoto waliozaliwa na mbwa ndugu, au na mzazi na mwanawe.

Ugomvi wangu uko hapa. Filamu inasimulia makosa mawili kana kwamba ni moja: kupandisha ndugu kwa ndugu, na kuchagua umbo. Unaondoka ukidhani ukizuia la kwanza, la pili limekwisha. Hapana. Chukua mfano uliomo humohumo: Rhodesian Ridgeback, mbwa mwenye mstari mgongoni ambao manyoya yake yamelala kuelekea kichwani. Baadhi ya wafugaji walikuwa wakiwaua watoto waliozaliwa bila mstari, eti wana kasoro.

Sasa tuangalie jeni. Mstari ule unatokana na kipande cha vinasaba kilichojirudia. Nakala moja, kutoka kwa mzazi mmoja, inatosha kuuleta. Mwenye nakala mbili ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kitundu kinachotoka kwenye ngozi na kushuka kuelekea uti wa mgongo, ambacho kinaweza kuingia vijidudu na kuoza. Wazazi wawili wenye mstari, hata wasio na undugu wowote wa karibu, wanaweza kumrithisha mtoto nakala mbili. Lakini ukimpandisha mwenye mstari na asiye nao, hakuna mtoto atakayepata mbili. Yaani yule aliyeuawa kwa "kasoro" ndiye aliyekuwa dawa ya ukoo wake!

Hapo ndipo filamu ilipopaswa kukaa, ikapita. Na mnunuzi naye ikamwachia hivihivi. Tunamhurumia tu, haulizwi kwa nini alitaka pua bapa au mstari mgongoni. Pesa zetu ndizo zinazochagua umbo.

Basi ukifika kwa mfugaji, kisome cheti, halafu kiweke pembeni. Kinakwambia baba na babu ni nani. Hakikwambii kama walikuwa wazima. Omba kumwona mama. Kama ni German Shepherd, ambao huku kwetu wananunuliwa sana kwa ulinzi, omba picha za eksirei za nyonga za wazazi wote wawili. Uliza kama atampokea mbwa siku ukishindwa kumlea.

Na kama ni Ridgeback, uliza swali moja zaidi: waliozaliwa bila mstari wako wapi? Anayekuonyesha mmoja akicheza uani, huyo kaa naye mzungumze bei. Anayejisifu kwamba miaka yote kwake hawazaliwi kabisa, ama anaficha, ama mbwa wake wengi wana nakala mbili. Kwa vyovyote vile, muage.